Logi ni kipeo: majibu ya maswali yenu

Mwalimu, logi naikokotoa vizuri tu, ila sielewi ninakokotoa nini.

Unatafuta kipeo. Ukiulizwa logi ya 1000 kwa kizio cha 10, swali ni hili: 10 ipewe kipeo gani ili tupate 1000? Ni 3, kwa kuwa 10 × 10 × 10 ni 1000. Logi ya 32 kwa kizio cha 2 ni 5. Logi ya 1 ni 0 kwa kizio chochote kile, kwa kuwa kipeo 0 hutoa 1. Ukikwama, jiulize swali hilo kwanza, kanuni baadaye.

Kwa nini log (2 + 3) si log 2 + log 3? Mabano si hufunguliwa hivyo?

Hufunguliwa hivyo kukiwa na kuzidisha. Hapa "log" haizidishi mabano. Inakuagiza utafute kipeo cha kilichomo ndani. Pima mwenyewe, kwa kizio cha 10: log 2 ni 0.3010, log 3 ni 0.4771. Jumla ni 0.7781, na hiyo ni log 6. Namba zikizidishwa, vipeo hujumlishwa, basi. Namba zikijumlishwa, vipeo havina habari, na log (2 + 3) huna njia ya mkato zaidi ya kuandika log 5.

Kosa jingine la ukoo huohuo: log 2 ÷ log 1.1 si log (2 ÷ 1.1). Ya kwanza ni takriban 7.27, ndiyo miaka ambayo akiba yenye riba ya asilimia 10 kwa mwaka, riba ikizaa riba, huchukua kuongezeka maradufu. Ya pili ni 0.26 hivi. Ukiona akiba yako inaongezeka maradufu ndani ya miezi mitatu, rudia hesabu kabla hujasherehekea.

Baba alisoma kwa kitabu cha majedwali ya logi. Anasema logi ya 0.05 ni "baa mbili nukta 6990". Kikokotoo changu kinasema −1.3010. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea. Ile baa, yaani kistari, huandikwa juu ya 2 peke yake, kwa hiyo hasi inaihusu 2 tu: −2 + 0.6990. Kokotoa, utapata −1.3010.

Wazee hawakuandika hivyo kwa ukaidi. Logi za 0.05, 0.5, 5, 50 na 500 zote zina 6990 ileile baada ya nukta; kinachobadilika ni namba ya mbele, inayoonyesha nukta ya desimali ikae wapi. Kwa hiyo jedwali la namba kati ya 1 na 10 lilitosha kwa namba zote chanya. Tatizo huja mtu anapochanganya mitindo miwili: anachukua −1.3010 ya kikokotoo, anatafuta 3010 kwenye jedwali la kurudisha namba, anapata 2 badala ya 5. Igeuze kwanza iwe −2 + 0.6990. Mimi baa naipenda bado, maana inakuonyesha namba ilivyoundwa.

Na nani alituletea haya?

John Napier wa Scotland, mwaka 1614, akitaka kuwapunguzia watu kazi ya kuzidisha namba ndefu. Mwaka uliofuata Henry Briggs alimfuata Edinburgh, wakakubaliana kuhusu kizio cha 10.

Kwenye log x + log (x − 3) = 1 nilipata 5 na −2. Nimekatwa alama kwa −2. Kwa nini?

Alama zimekatwa kwa haki. Hakuna kipeo halisi kinachoifanya 10 itoe namba hasi, hivyo log (−2) haipo, na log (−5) vilevile. Lakini uliposhaunganisha logi mbili kuwa log x(x − 3), −2 × −5 ikawa 10, namba chanya safi kabisa, na ule uhasi ukafichika. Kila mara rudisha jawabu kwenye mlinganyo wa mwanzo, si ule uliokwisha kuunganishwa.

Kikokotoo kina "log" na "ln". Nibonyeze ipi?

"Log" ni kizio cha 10, "ln" ni kizio cha e, yaani 2.718 na kuendelea. Kwa kugawa logi kwa logi, yoyote itakupa jibu lilelile mradi usichanganye. Waandika programu, jihadharini: kwenye Python, math.log yenye namba moja tu ndani hutumia e, si 10.