Saa Sita Si Mgongoni

Wiki hii msomaji mmoja wa Kasarani ameniandikia. Amemnunulia mdogo wake joistiki ya mtumba mitaa ya Luthuli, wameweka IL-2, mchezo wa kurusha ndege za Vita vya Pili vya Dunia na kupigana na wengine mtandaoni, kwenye kompyuta, na kijana ameacha baada ya siku nne. "Kila akiingia kwenye seva anaangushwa kabla hajaona mtu. Nimfundishe nini?" Ujumbe wake ulinikuta bado nina machungu ya Jumapili, ambayo nitayafikia, ndiyo maana jibu limekuwa refu.

Mimi mwenyewe nilifundishwa vibaya. Jamaa aliyenipokea alikuwa na pedali za miguu na skrini pana kama mlango. Kila jioni ananiita mazoezini, napaa, ananipiga. Napaa tena, ananipiga tena. Wiki mbili nzima. Kicheko chake kwenye hedifoni kilikuwa kikubwa mpaka mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Nani huyo anakucheka?" Nikasema ni mwalimu wangu. Yeye aliamini hiyo ndiyo shule. Nilichojifunza ni sauti ya injini inapowaka moto.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa ni kupaa na kuanguka tu. Ila nilijiapia kwamba siku nikipata mwanafunzi nitakuwa mwalimu wa maana. Maana najua nyote mnaonisoma mnataka ninachotaka: kikosi chetu cha Nairobi, marubani kumi na wawili, tuingie seva za Ulaya Ijumaa usiku na wajue tumefika.

Mwanafunzi akaja. Ni kijana anayetengeneza simu mjini, mimi namwita Fundi, yeye ananiita mwalimu. Jioni ya kwanza nikamhutubia saa nzima. Nikamweleza kuhusu Oswald Boelcke, yule Mjerumani aliyeandika kanuni za vita vya angani mwaka 1916: shambulia kutoka juu, jua liwe mgongoni mwako, piga ukiwa karibu. Fundi akasikiliza kwa adabu. Kisha akafungua gesi yote kwa mkupuo, Bf 109 yake, ndege ya kivita ya Kijerumani, ikageuka kushoto, bawa likachimba ardhi. Mara saba. Hakuna kanuni ya Boelcke inayokusaidia kama hujatoka uwanjani.

Basi, wewe wa Kasarani, anzia hapo. Panga la puani mwa ndege ile linazunguka kama mishale ya saa ukilitazama kutoka kiti cha rubani, na upepo wake unazunguka mwili wa ndege na kuusukuma mkia, kwa hiyo pua inakimbilia kushoto. Afunge gurudumu la nyuma, afungue gesi polepole, na kila anapoongeza gesi aongeze usukani wa mkia kulia. Kwa joistiki ya mtumba hiyo ni kukizungusha kijiti chenyewe. Siku mbili za kupaa na kutua peke yake, bila adui. Ataona uvivu. Mwache aone uvivu.

Bf 109 F-4 nilimchagulia makusudi. Pembe za panga na milango ya kupoza injini hujirekebisha zenyewe, kwa hiyo mgeni anabaki na kazi ya kuruka na kutazama. Kutazama ndiko kunakomshinda mtu wa kibodi, shingo haigeuki. Vifaa vya kufuata kichwa, vinavyogeuza picha kwenye skrini ukigeuza shingo, ni ghali, lakini kuna programu ya bure, opentrack, inayotumia kamera ya kawaida ya kompyuta. Hapo Fundi ndiye aliyenifundisha mimi. Aliitengeneza kwa nusu saa, nami nilikuwa nimetumia pesa ambazo nyumbani hazijatajwa hadi leo.

Sasa aibu yangu. Jioni yake ya kwanza kwenye seva niliruka juu yake nikimlinda. Yak-1, ndege ya kivita ya Warusi, ikamjia kwa nyuma. Nikapiga kelele, "Fundi, saa sita! Saa sita!" Akaendelea mbele moja kwa moja, akitafuta kwa bidii, mpaka akawaka. Nikamfokea. Akanijibu taratibu, "Mwalimu, nilikuwa natazama saa sita. Hakukuwa na mtu."

Na alikuwa sahihi! Marubani wa Kizungu huhesabu saa kwa jinsi namba zilivyoandikwa: kumi na mbili ni puani, sita ni mkiani. Lakini kwetu saa sita ni adhuhuri, mishale yote imesimama juu, yaani mbele kabisa. Mimi nilikuwa nimetafsiri maneno ya yule jamaa wa kicheko bila kufikiri, na nikamtuma mwanafunzi wangu kutazama upande usio na kifo. Tangu siku ile tunasema "mgongoni", "kulia juu", "kushoto chini". Mengine yote ninayoandika unaweza kusahau, hili usisahau. Sema na mgeni kwa lugha anayoifikiria.

La pili, usimpige. Narudia, usimpige. Ruka naye kama rubani wa pembeni, yeye atangulie, wewe ufuate. Mpe nafasi pia, maana kutoka Nairobi hadi seva za Ulaya data huchelewa zaidi ya milisekunde 100, na ndege unayoiona kando yako kwa kweli imeshasogea. Fundi alinigonga mara mbili. Nilimfariji kwamba Boelcke mwenyewe hakuuawa na risasi: Oktoba 1916 ndege yake iligusana na ya mwenzake wa kikosi, ikaanguka. Hakufarijika sana.

La tatu, asizunguke na Yak chini chini. Mwendo na kimo ni mfuko mmoja, ukichota huku kunapungua kule. Ashuke kwa kasi, apige akiwa chini ya mita 200, apande tena kabla hajashawishika. Akikosa, apande vilevile. Wageni wengi hufa kwa sababu ya kutaka kumalizia. Na si wageni tu, tazameni maisha yenu, mangapi mmeharibu kwa kung'ang'ania kumalizia jambo lililokwisha kuwaponyoka? Lakini nimeanza kuhubiri.

Jumapili, basi. Mwezi uliopita Fundi alihamia kikosi kingine, upande wa Warusi, bila kuniaga. Sikusema kitu. Jumapili jioni nilikuwa nimeshuka nikiandama ndege iliyokuwa ikitoa moshi, nikitaka kuimalizia, ndiyo, najua. Risasi zikaingia kutoka kwenye jua. Sikusikia wala sikuona. Nikiwa naning'inia kwenye parachuti, ujumbe ukatokea kwenye skrini, kwa Kiswahili, katikati ya Kirusi na Kijerumani chote kile:

"Samahani mwalimu. Ulikuwa saa sita yangu."

Nilikaa dakika nzima nikijaribu kukumbuka ni saa ya nani.