Majibu ya Afya: Tujifungie, au tuuache ugonjwa upite?

Korona imeondoka kwenye taarifa za habari, lakini ubishi wake bado uko vijiweni. Barua za mwezi huu karibu zote zinarudi palepale: mlipuko ukija tena, watu wafungiwe ndani au ugonjwa uachwe utembee mpaka uchoke wenyewe? Tumejibu barua sita.

SWALI: Kijiweni kwetu tumegawanyika. Wenzangu wanasema ni kama tetekuwanga, kila mtu akishaugua mara moja basi, umekwisha. Kwa nini korona haikuachwa ipite tukamalizana nayo? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Mfano wa tetekuwanga ndio unaowapoteza wenzako, lakini tuanze na hesabu yao, maana si ya kijinga.

Chukua kirusi ambacho mgonjwa mmoja hukipeleka kwa watu watatu, kama ilivyokadiriwa kwa korona ya mwaka 2020. Ili aambukize mmoja tu, wawili kati ya hao watatu lazima wawe na kinga tayari. Wawili kwa watatu ni 67%. Kwa surua, ambayo mgonjwa mmoja huwapa watu 12 hadi 18, hesabu hiyohiyo inatoa 92% hadi 94%, ndiyo maana wachanjaji wa surua hawaridhiki wakiwa chini ya 95%. Kiwango hicho, ambacho mgonjwa mmoja anaambukiza mmoja tu, ndicho kinachoitwa kinga ya jamii.

Wanaosema "acha ipite" huishia kwenye ile 67% wakadhani ugonjwa ukifika hapo unafunga breki. Haufungi. Siku hiyo mtaani kuna maelfu ya wagonjwa, na kila mmoja bado anamgusa mwingine kabla mnyororo haujakatika. Kirusi cha namna hiyo kikiachwa kabisa, hesabu humalizikia karibu 94% ya watu. Ile 27% ya ziada wangeepuka kuambukizwa kama moto ungekwenda polepole.

Halafu kuna muda wa kinga yenyewe. Aliyeugua tetekuwanga kwa kawaida haugui tena. Kinga dhidi ya kuambukizwa virusi vya jamii ya korona hupungua ndani ya miezi, na kirusi nacho hubadilika. Manaus, mji wa watu wapatao milioni mbili kwenye msitu wa Amazon nchini Brazili, ulipigwa vibaya Aprili na Mei 2020. Watafiti waliopima damu za wachangiaji walikadiria kwamba kufikia Oktoba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kwa hesabu ya kijiweni, Manaus ilikuwa imemaliza. Januari 2021 aina mpya ya kirusi, iliyokuja kuitwa Gamma, ilijaza hospitali upya na oksijeni ikaisha wagonjwa wakiwa vitandani.

Oksijeni ndiyo inayofafanua jambo lote. Mtungi mkubwa, ule mrefu unaosukumwa kwa kigari, hubeba kiasi cha lita 6,800. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa 11 na dakika 20. Wagonjwa 30 wa namna hiyo ni zaidi ya mitungi 60 kwa siku, na kila mtungi lazima ukajazwe na urudishwe. Wagonjwa haohao 30 wakija kwa kupokezana ndani ya miezi mitatu, hospitali ya mkoa inawamudu. Wakija wiki moja, baadhi yao watakufa kwa kukosa kitu ambacho wiki iliyopita kilikuwepo.

SWALI: Kuna maprofesa waliosema wazee ndio wafichwe, vijana waachwe wachape kazi. Mbona hawakusikilizwa? Mimi naona lina mantiki. (Bibi wa wajukuu saba, Mombasa)

JIBU: Shikamoo bibi. Unawazungumzia Sunetra Gupta wa Oxford, Jay Bhattacharya, wakati huo wa Stanford, na Martin Kulldorff, wakati huo wa Harvard, waliotia saini tamko lao tarehe 4 Oktoba 2020 katika mji wa Great Barrington, Marekani. Wazo lilisimama juu ya jambo la kweli: korona ilichagua umri. Kwa kirusi cha mwanzo, kabla ya chanjo, makadirio kutoka nchi tajiri yalikuwa hivi: kwa walioambukizwa wakiwa na miaka 25 alikufa takriban mmoja kati ya 10,000; wa miaka 55, wanne kati ya 1,000; wa miaka 75, wanne au watano kati ya 100; wa miaka 85, takriban 15 kati ya 100. Hili pia ni sehemu ya maelezo kwa nini nchi zetu, zenye watoto wengi kuliko wazee, hazikuzika kwa kiwango cha Italia.

Tatizo ni ukuta. Huyo mzee utamficha wapi? Nyumba ya kwenu ina ukumbi mmoja, choo kimoja, na wajukuu saba wanaokuja kukuamkia kila jioni wakitoka shule. Kijana anayeachwa "achape kazi" analala chumba cha pili. Hata penye nyumba za wazee zenye wahudumu wa mshahara, ukuta ulivuja. Uswidi, ambayo watu huitaja kana kwamba haikufanya chochote, ilipiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu 50, ikahamishia sekondari za juu kwenye masomo ya mbali, na kuzuia wageni katika nyumba za wazee tangu 1 Aprili 2020. Bado karibu nusu ya waliokufa katika wimbi la kwanza walikuwa wakazi wa nyumba hizo. Wahudumu waliweza kuingiza kirusi wakiwa hawajaanza hata kukohoa. Mwisho wa 2020, Uswidi ilikuwa imepoteza watu takriban mara kumi ya Norwe, kwa kulinganisha idadi ya wakazi.

Haki ya Uswidi nayo isemwe: ukijumlisha miaka mitatu, 2020 hadi 2022, vifo vyake vilivyozidi kawaida ni miongoni mwa vichache zaidi Ulaya, na shule za msingi hazikufungwa. Anayekutajia mwaka mmoja tu, wa upande wowote, ana lake.

SWALI: Huku shule zilifungwa karibu miaka miwili. Wasichana wamepata mimba, wengine hawakurudi. Hamwoni kujifungia ndiko kulikotuumiza? (Mzazi, Kampala)

JIBU: Tunaona. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na hatudhani hesabu ya faida na hasara inautetea muda huo.

Ila katika ubishi huu mambo matatu yanatiwa kapu moja. Kumtenga mgonjwa ni kumweka kando aliyekwisha kuugua. Karantini ni kumweka kando aliyekutana na mgonjwa, akiwa bado mzima, mpaka ijulikane. Kufungia watu ni kumzuia kila mtu, awe amekutana na mgonjwa au la. La kwanza gharama yake ni ndogo na linafaa karibu kila mlipuko. La pili lina gharama ya kadiri. La tatu ni dawa kali: linapunguza maambukizi, lakini mwenye kula kwa kutwa halimudu hata wiki mbili.

Tena kufungia hakumalizi ugonjwa, kunanunua muda tu. Kwa hiyo swali la kumwuliza kiongozi anayefunga ni hili: muda huo unanunulia nini? Mwaka 2020 jibu lilikuwepo, maana chanjo ilikuwa njiani. Uingereza ilianza kuchanja 8 Desemba 2020, Kenya ikapokea shehena ya kwanza ya zaidi ya dozi milioni moja Machi 2021, Tanzania ikazindua Julai 28. Aliyesimika mtambo wa oksijeni ndani ya muda huo alipata alichokilipia. Aliyefunga shule bila kuongeza hata kitanda alilipa bila kununua kitu.

SWALI: Marburg, ile homa ya kutoka damu, ilizimwa hapa kwetu ndani ya miezi michache kwa kuwatenga wagonjwa tu. Korona ilishindikana nini? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Saa ya maambukizi. Mgonjwa wa Marburg haambukizi kabla ya kuanza kuugua, na huambukiza zaidi kadiri anavyozidiwa. Ukimtenga siku ya homa umewahi. Mlipuko wa Kagera uliotangazwa Machi 2023 ulihusisha wagonjwa 9, wakafa 6. Waliokutana nao walifuatiliwa siku 21 kila mmoja, na ulipotangazwa kumalizika Juni 2 zilikuwa zimehesabiwa siku 42 bila mgonjwa mpya.

Wa korona huambukiza tangu siku mbili hivi kabla ya dalili, na wengine hawapati dalili kabisa. Unapomtenga umechelewa nusu ya njia. Kumtenga bado kunapunguza, ila peke yake hakuzimi.

SWALI: Sisi ni kisiwa. Si tufunge bandari na uwanja wa ndege tu? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Imewahi kufanya kazi. Tarehe 7 Novemba 1918 meli Talune ilitia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, katika Bahari ya Pasifiki, ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua ndani, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Katika miezi michache takriban mtu mmoja kati ya watano alikufa. Samoa ya Marekani, iliyo umbali usiofika kilomita 150, gavana wake John Martin Poyer aliweka karantini ya kila chombo, na hakufa hata mmoja. Lakini sharti lake ni kufunga kabla kirusi hakijaingia, na kisiwa kiwe na chakula chake. Unguja inayosubiri mchele wa melini na mgeni wa ndegeni itafunga kwa wiki kadhaa, si kwa miaka.

SWALI: Mnasema "mtenge mgonjwa". Sisi ni watano, chumba kimoja cha kupanga. Tumtenge vipi? (Mama, Tanga)

JIBU: Usitafute chumba cha pili, tafuta hewa. Kirusi kama cha korona husafiri hasa kwa pumzi, na chumba kilichofungwa huikusanya kama moshi wa sigara.

Kitanda cha mgonjwa kiwe dirishani. Dirisha na mlango vyote viwe wazi ili upepo ukate chumba. Kama kuna feni, igeuze ipulize nje ya dirisha, maana ikizungushwa ndani inawagawia wote. Mchana mgonjwa akae barazani, mle nje, na mazungumzo yawe nje. Usiku, kama hakuna budi kulala kitanda kimoja, laleni mzungu wa nne, na mgonjwa avae barakoa ya hospitali inayobana pua na kidevu. Ya kitambaa ni afadhali kuliko hakuna. Chandarua hakizuii chochote hapa. Mhudumu awe mmoja, asiwe bibi wala mwenye kisukari.

Choo cha pamoja: mgonjwa aingie wa mwisho, mlango uachwe wazi baadaye. Kufutia kitasa na bomba, jiki ya 3.5% kipimo kimoja kwa maji 34, yaani mililita 30 hivi kwa lita. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unachoma mapafu. Vyombo vinatosha sabuni na maji. Watu humaliza nguvu kwenye sahani huku dirisha limefungwa. Na nyungu ya watu wawili chini ya blanketi moja ni njia nzuri ya kuambukizana.

Siku ya dalili ya kwanza iite sifuri. Hatari kubwa ni mpaka siku ya 5, kwa hiyo kama majirani wanaweza kuchangia chakula cha siku chache tu, ziwe hizo. Ukiweza, fikisha 10.

Mkipata kipima oksijeni cha kidoleni, mgonjwa akae ametulia dakika tano kabla ya kupima. Ikisoma 94 au chini, mpelekeni kituoni. Chini ya 90 ni dharura. Kidole kisiwe na piko wala rangi ya kucha, kwani huzuia mwanga wa kifaa. Pia kifaa hiki huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa ngozi nyeusi, kwa hiyo anayehema haraka na kushindwa kumaliza sentensi apelekwe hata kama kinaonyesha 96.