Maswali ya Wasomaji: Moyo wa Mbuzi na Miwani ya Uhalisia Pepe

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kutwa hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Darasa langu lina wanafunzi 54 na hadubini tatu tu zinazofanya kazi. Muhula uliopita alitujia wakala mmoja akatuonyesha miwani ya uhalisia pepe, ambayo mwanafunzi akiivaa hujiona kana kwamba yumo ndani ya mshipa wa damu, akatuhakikishia kwamba tukinunua sita hatutahitaji maabara tena. Mwalimu mkuu amevutiwa na bodi inasubiri maoni yangu. Niwaambieje?

JIBU: Waambie, Mwalimu, kwamba miwani hiyo ina kazi yake, ila si ile aliyoitaja wakala. Karatasi ya tatu ya Biolojia katika mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari hapa Kenya, ni ya vitendo na ina alama 40. Humo mtahiniwa huwekewa vielelezo na kemikali mezani, akapima, akachora na kueleza alichokiona, na hakuna miwani itakayouzoeza mkono wake kushika wembe au kudondosha iodini kwenye kipande cha kiazi.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, wako waliolipima jambo hili. Mwaka wa 2018, Jocelyn Parong na Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha utafiti uliowalinganisha wanafunzi wa chuo waliozuru mfumo wa damu kwa miwani na wenzao waliosoma maudhui yayo hayo katika slaidi za kawaida kwenye kompyuta. Waliovaa miwani walifurahia somo zaidi, lakini waliosoma slaidi ndio waliofanya vyema zaidi walipoulizwa maswali. Katika sehemu ya pili ya utafiti huo, somo la miwani lilikatwa vipande, na baada ya kila kipande wanafunzi wakaandika muhtasari wa walichokiona. Hao walielewa zaidi kuliko waliotazama mfululizo. Kwa hiyo daftari lisikae mbali na miwani.

Ningekuwa mimi, ningeanza na moyo wa mbuzi kutoka buchani. Mwanafunzi akiupasua, atahisi kwa vidole vyake kwamba ukuta wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia, nawe utamuuliza sababu, mpaka aseme mwenyewe kwamba upande wa kushoto husukuma damu hadi unyayoni ilhali wa kulia huifikisha mapafuni tu. Lakini moyo ulio kwenye sahani haupigi. Hapo ndipo miwani inapostahili bei yake, kwa kuwa humwonyesha vali, yaani vilango vya moyo, zikifunguka na kufungika kwa zamu, jambo ambalo wembe hauwezi kulionyesha na ambalo mchoro wa ubaoni hulieleza kwa shida.

Jihadhari na mambo mawili yanayopotoshwa na picha hizo. La kwanza ni ukubwa: chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni kama sehemu 7 hadi 8 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu, huonekana humo ikiwa kubwa kama ungo, na mwanafunzi asiyekumbushwa hubaki na ukubwa huo kichwani. La pili ni rangi. Programu nyingi huipaka rangi ya buluu damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kama vitabu vyetu vinavyofanya, hata wapo watu wazima wanaoamini kwamba damu hiyo ni ya buluu kweli, ilhali ni nyekundu iliyokolea.

Sasa tupige hesabu. Wanafunzi 54 kwa miwani sita ni tisa kwa kila moja. Ukimpa kila mmoja dakika nne, dakika 36 zimekwisha, na kipindi chako ni cha dakika 40. Tumia kipindi cha mfululizo, wanaosubiri wakiwa kwenye meza ya moyo wa mbuzi. Na bodi ikisema fedha hazitoshi kwa yote, nunueni hadubini kwanza.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 alirudi kutoka shuleni akilalamika kizunguzungu baada ya somo la miwani hizo. Je, ni hatari? Mama, Umoja.

JIBU: Pole, Mama. Macho humwambia mtu kwamba anasafiri, ilhali sikio la ndani linasema ametulia, na mgongano huo ndio huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa kawaida hali hiyo hupita mtu akivua miwani na kupumzika. Isipopita, mpeleke kwa daktari. Mwombe mwalimu amruhusu kutazama akiwa ameketi, kwa dakika chache, na avue mara tu anapojisikia vibaya. Ikiwa ana kifafa, mjulishe mwalimu mapema, maana watengenezaji wenyewe huonya kwamba mwanga unaomweka unaweza kuamsha kifafa. Uliza pia kama miwani hupanguswa kwa dawa kabla ya kumpa mwanafunzi mwingine, kwa sababu ugonjwa wa macho mekundu huambukizwa kwa urahisi kupitia vitu vinavyogusa uso.