Mwaga dawa zote mezani

Jana usiku msomaji kaniandikia: "Dada, baba kavunjika mguu, kapewa tramadoli ya maumivu. Ana vidonge vyake vya usingizi vya siku zote. Aendelee navyo?" Nikabaki nimeishika simu. Swali hilo mwaka juzi sikumuuliza mtu.

Mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Tukatoka hospitali na tramadoli ya miligramu 50. Nyumbani alikuwa na amitriptilini, maana kisukari kinamuwasha moto miguuni. Usiku wa tatu analia hapati usingizi. Mimi mjuaji nikakimbilia duka la dawa, nikanunua diazepamu. Muuzaji hakuuliza hata mgonjwa ana umri gani. Alfajiri nasikia mkoromo wa ajabu. Namwita, haitiki. Midomo imegeuka rangi, pumzi za kuhesabu. Hospitali wakamwekea oksijeni, wakamchoma naloksoni, dawa ya kutengua nguvu za tramadoli, akazinduka taratibu. Kaka yangu akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba nilitaka kumuua mama. Ameshaomba radhi. Sawa.

Daktari alinifafanulia: tramadoli, kodeini na mofini, dawa za maumivu za jamii moja, huulegeza ubongo unaoamrisha pumzi. Diazepamu hufanya vilevile, pombe vilevile, hata promethazini tunayomeza kwa mafua. Zikikutana, mtu analala hadi pumzi inakata. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote liwekwe kuhusu kuchanganya dawa za jamii ya tramadoli na za jamii ya diazepamu. Amitriptilini na tramadoli nazo zina lao: zinaweza kumwangusha kifafa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa.

Sasa nyie wenzangu mnaouguza wazazi, acheni kuona aibu mbele ya mfamasia. Kusanya kila kidonge kilichomo ndani, mwaga mezani kwake. Kila kidonge, hata cha mafua. Na konyagi anayoificha mzee, itaje.

Msomaji nilimjibu: asivimeze pamoja usiku huu kabla hujampigia daktari, wala usimwachishe moja kwa moja kwa uamuzi wako, kwani dawa za usingizi za muda mrefu zikikatwa ghafla nazo huleta kifafa. Akikoroma na haamki, mkimbize hospitali.

Asubuhi kanirudia. Wamemwaga mezani aina tisa. Mbili ni tramadoli ileile, zimetoka sehemu mbili kwa majina mawili, na baba alikuwa anameza zote.