Toa maji kwenye trela kabla ya masika

Trela letu la kambi lilikaa uani Njiro tangu mwisho wa Machi hadi Juni, tangi la lita 100 likiwa na maji nusu. Siku ya kuliandaa nikafungua koki ya jikoni: yakatoka maji ya kijani yenye harufu ya kinamasi, kisha pampu ikawa inanguruma tu. Wageni walikuwa wanafika keshokutwa.

Ulaya na Marekani hukausha mabomba kwa kuogopa barafu, maana maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9 na kupasua bomba na pampu. Huku Arusha kinachotuharibia ni maji yaliyolala.

Siku hizi, kabla mvua hazijakolea, nafungua koki ya chini ya tangi, kisha koki zote, za moto na za baridi. Hita naizima na kuiacha ipoe kabisa kabla ya kuigusa. Pampu naiwasha kidogo isukume maji yaliyobaki kwenye mipira, naizima inapoanza kuvuta hewa. Wengi husahau chujio lililo kabla ya pampu: lifungue, mwaga, osha wavu. Ukiwa na kompresa ya matairi, puliza hewa kwenye mabomba, presha isizidi psi 30. Koki ziache wazi.

Msimu ukirudi, weka mililita 100 za jiki isiyo na manukato kwa lita 100 za maji. Fungua kila koki mpaka uisikie harufu, acha ilale usiku mmoja, suuza mpaka harufu iishe. Usiichanganye na siki kamwe, hutoa gesi ya sumu.

Pampu ikisumbua, usikimbilie kununua mpya, tafadhali. Ikijiwasha kila baada ya dakika chache wakati koki zimefungwa, presha inapotea mahali: pitisha karatasi ya chooni kwenye kila maungio, palipovuja itakuonyesha. Ikinguruma bila kuleta maji na tangi limejaa, mara nyingi inavuta hewa kati yake na tangi. Hapo hutaona hata tone, kwa kuwa hewa ndiyo inayoingia, na ndiyo maana watu huilaumu pampu. Yangu ilikuwa hivyo. Nilishatenga hela ya pampu nzima, kumbe ni klampu ya kubana mpira iliyolegea na oringi ya chujio (pete ya mpira ya kuzibia) iliyokauka. Nilikaza klampu kwa bisibisi, nikaweka oringi mpya, na usiku wa tatu, kambini ukingoni Ngorongoro, mpishi wetu alipata maji ya chai kabla hakujapambazuka.