Yoga na mzizi yuj
Uliyeuliza kama yoga asili yake ni mazoezi ya viungo, hapana ndugu, hiyo maana imekuja baadaye sana. Mzizi wake ni kitenzi yuj cha Kisanskriti, lugha ya kale ya India, maana yake kufunga nira, kwenye Rigveda, mkusanyiko wa kale wa nyimbo takatifu za Kihindu, wanaofungwa ni farasi kwenye magari ya kukokotwa, kutoka hapo ndo ikapanuka kuwa kuunganisha, na Kilatini wana iugum, nira hiyohiyo kabisa, maana hizi lugha ni za ukoo mmoja. Ila utamu uko hapa, ile orodha ya mizizi inayoenda na sarufi ya Panini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, inaitwa Dhatupatha, ina yuj nyingine ya kutuliza akili, na mfafanuzi wa kale Vyasa akifafanua Yogasutra, kitabu cha msingi cha yoga, anasema moja kwa moja yoga ni samadhi, yaani akili kutulia kabisa, kwahiyo mi naona wanaosema "muungano" tu wanaacha sehemu muhimu zaidi.