Kukausha maharagwe na wali wa kupanda nao Mlima Kenya

Kambi ya Mackinder iko karibu mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Pale maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, si 100, kwa hiyo maharagwe mabichi yatakumalizia gesi na bado yagonge meno. Yaivishe kabisa nyumbani, kisha yakaushe. Maharagwe mekundu hasa lazima yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, maana yana sumu ya asili ambayo joto la mashine ya kukaushia haliiondoi.

Adui mkubwa ni mafuta. Maji hutoka, mafuta hubaki na kuchacha. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha chai, basi. Tui la nazi usitie. Beba la unga, ulikoroge huko huko. Nyama ya kusaga iwe isiyo na mafuta, na kila nusu kilo uichanganye na gramu 50 za chenga za mkate mkavu kabla ya kuipika. Bila chenga hukauka ikawa changarawe, na changarawe hailainiki hata uiloweke saa nzima. Ikiiva, mwaga mafuta yote yaliyojichuja.

Tandaza chakula kwenye trei ya mashine ya kukaushia yenye karatasi ya kuokea, unene usizidi nusu sentimita. Wali na mboga nyuzi 57, chenye nyama nyuzi 63 hadi 68, kwa saa 6 hadi 10. Katikati ya muda vunja mabonge kwa vidole. Maharagwe yaliyoiva vizuri hupasuka na kuchanua yakikauka. Usidhani yameharibika, ile mipasuko ndiyo milango ya maji. Wenye haraka hupandisha joto: ganda la nje linakuwa gumu, unyevu unafungiwa ndani, na baada ya siku chache ukungu. Oveni inafaa ikiweza kushuka kiasi hicho, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa mwiko. Nyingi za gesi hazishuki, hizo zinaoka tu. Na mchuzi wa nyama hauanikwi juani, hata Januari.

Punje ya maharagwe ivunjike vumbi, isipondeke. Kisha weka chakula kwenye chupa ya kioo wiki moja, ukitikisa kila siku. Ukiona umande kwenye kioo, rudisha kwenye trei.

Unga wa ugali, kwa taarifa, tayari ni mkavu, usijisumbue.

Kufungasha: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja ni marufuku ndani ya hifadhi za Kenya, kwa hiyo tumia makopo mepesi yenye mfuniko wa kubana. Mtu mmoja aliyetembea kutwa anataka gramu 130 hadi 150 za chakula kikavu. Ongeza maji mililita 350, loweka dakika 20 kwenye maji baridi, chemsha dakika 2, zima. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanakula mara moja, punje bado ni ngumu katikati. Funika sufuria, izungushie sweta, subiri dakika 15. Kule juu sufuria hupoa haraka, na sweta inaokoa gesi. Mafuta yale uliyoyakwepa nyumbani yanaingia sasa, kijiko kimoja kikubwa kwa kila sahani.